TUSINUNUE SPEA KWA KUBAHATISHA

Ndugu Wafanya Kazi,



Katika gazeti letu hili dogo husemwa sana habari za mshahara, na ni haki zisemwe, kwa kuwa mshahara ni jasho letu lililogeuzwa fedha. Lakini fedha ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Tukiulinda mmoja na kuuacha wa pili wazi, tutakuwa kama mtu atekaye maji kwa pakacha. Leo twataka kusema juu ya njia moja ambayo fedha ya mfanya kazi hutoka bila faida. Njia hiyo ni kununua spea za motokaa kuukuu kwa kubahatisha.

Shauri letu ni hili: Ugonjwa wa injini utafutwe kwanza, kwa kupima, kabla spea yo yote haijanunuliwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo mwenye motokaa aweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Na pale asipoweza, ampe fundi ujira wa kuutafuta ugonjwa, wala asingoje kumlipa kwa spea tu. Tutaeleza kwa nini twasema hivyo.

HALI YA HUKU KARUNGU

Tunaandika kutoka Karungu, kando ya Ziwa, ambako wengi katika sisi tuna wazazi, wake na watoto. Reli haikufika huku. Mwanzo wa karne ya 20 meli za reli zilifika Karungu kutoka Kisumu, lakini siku hizi haziji tena. Leo mtu wa Sori akitaka kwenda Migori, au kwenda Homa Bay kwa njia ya Ndhiwa na Rodi Kopany, hupanda matatu, pikipiki au motokaa ndogo. Omena na mbuta husafiri kwa njia hizo hizo, na mgonjwa akizidiwa usiku hupakiwa katika motokaa ya jirani.

Nyingi za motokaa hizo ni Toyota zilizotumika kwanza Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyozidi miaka 8. Kwa hiyo Corolla tunayoiita 110, iliyoundwa tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2000, ilifika kwetu zamani, na sasa umri wake umepita miaka 20. Probox, iliyoanza kuundwa mwaka 2002, nayo imo njiani kuzeeka. Hizi ndizo motokaa zilizo katika uwezo wa mfanya kazi. Wengine katika sisi tumezinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na jamaa nyumbani huziendesha ili zilete fedha ya karo. Motokaa ikilala wiki mbili chini ya mwembe, karo nayo hulala.

INJINI ISIYO NA KABURETA

Wazee wetu walizoea kabureta. Petroli ikikataa, mtu alifungua kabureta kwa bisibisi, akapuliza mashimo yake kwa kinywa, akakaza skrubu huku akisikiliza mlio, na safari ikaendelea. Injini za nozeli hazikuwa ngeni kabisa hata wakati huo. Bert Shankland alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404 ambayo petroli yake ilisukumwa na pampu hadi kwenye nozeli. Lakini ile ilikuwa kazi ya pampu na vyuma. Mwaka 1967 motokaa ya Volkswagen 1600 iliuzwa Marekani ikiwa na chombo cha Bosch cha kupima petroli kwa umeme, na kutoka hapo desturi hiyo ikaenea mpaka kwa Wajapani, na mpaka kwetu.

Kazi yake si uchawi. Pampu ya umeme, ambayo katika Corolla hizi imo ndani ya tangi, husukuma petroli hadi kwenye nozeli nne. Kila nozeli ni kama kibomba chenye mlango mdogo ufunguliwao kwa umeme. Kompyuta ndiyo iufunguayo mlango huo, na injini iwakapo huku motokaa imesimama, mlango hufunguka kwa elfu mbili au tatu tu za sekunde moja kila mara. Ili ijue iufungue kwa muda gani, kompyuta huuliza habari: Hewa iingiayo ni kiasi gani? Maji ya injini yana joto gani? Injini yazunguka upesi kiasi gani? Kilango cha hewa kimefunguliwa na mguu wa dereva kwa kadiri gani? Na ndani ya ekzosi kuna sensa inayonusa moshi na kurudisha habari kama petroli imezidi au imepungua. Petroli ikiungua sawasawa, kilo 1 ya petroli hutaka kilo 14.7 za hewa.

Basi, ndugu, kompyuta ni kama karani aliye ofisini. Hakuoni wewe wala haioni barabara. Huandika tu kwa habari anazoletewa. Mjumbe akimletea uongo, karani ataandika uongo kwa mwandiko mzuri. Ukimfukuza karani na kuajiri mwingine, na mjumbe akabaki yule yule, umepata faida gani? Lakini kila siku tunasikia mtu akiambiwa, "Kompyuta imekufa, agiza nyingine Kirinyaga Road."

MFANO MMOJA

Mwenzetu mmoja ana Toyota 110 inayochukua abiria. Ilianza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, na plagi zilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka. Gereji moja ikamwuzia plagi mpya. Siku tatu zikawa nyeusi vile vile. Gereji ya pili ikamwuzia pampu ya petroli, moshi ukabaki. Gereji ya tatu ikamwambia kompyuta, na bei ya kompyuta ilipita mshahara wake wa mwezi.

Kabla hajalipa, rafiki yake mwenye mita ya kupimia umeme alikaa na motokaa hiyo asubuhi moja. Alipasha injini moto, kisha akapima sensa ya joto la maji. Sensa hiyo katika Toyota za namna hii, maji yakiwa na nyuzi 20 za joto, huonyesha ohm 2,000 hadi 3,000. Na yakiwa na nyuzi 80 huonyesha ohm 200 hadi 400. Sensa ilikuwa nzima. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliirudishia plagi yake, akapima tena kutoka mwisho wa waya, upande wa kompyuta, na huko akapata ohm nyingi mno, kana kwamba injini ni baridi kama maji ya mtungi. Ndani ya ile plagi mlikuwa na kutu ya kijani. Kwa hiyo kompyuta iliamini kwamba kila saa ni alfajiri ya baridi, ikawa inaongeza petroli kama inavyopasa kuiongezea injini baridi.

Dawa ilikuwa kusafisha, kukata kipande cha waya kilichooza na kukiunga upya. Moshi ukaisha. Plagi mpya, pampu mpya na ile kompyuta iliyokaribia kununuliwa hazikuwa na kosa. Hata sensa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa urefu wa ukucha wa waya.

Twawaomba mwangalie pia jambo la pili katika mfano huo. Taa ya injini haikuwaka. Katika injini hizi za zamani kompyuta hupiga kelele mara nyingi habari ikikatika kabisa. Habari ikija ya uongo lakini yenye sura ya kweli, hunyamaza. Basi taa kutowaka si cheti cha afya.

NAMNA YA KUTAFUTA NYUMBANI

Karakana ya reli ina desturi njema. Dereva aletapo injini huandika makosa katika kitabu: lilitokea wapi, likianza lini, injini ikiwa moto au baridi, ikivuta mlimani au ikishuka. Fundi husoma kwanza ndipo ashike spana. Nasi nyumbani tufanye vivyo hivyo. Daftari la shule latosha. Mtu anayesema tu "gari ni mbaya" hajasema kitu. Anayesema "huzimika ikipata moto, ikishapoa huwaka" amekwisha fanya nusu ya kazi.

Baada ya daftari, macho. Funua boneti mchana, injini ikiwa imezimwa. Tazama betri: ikiwa imejaa na imepumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiwaka inapasa kupanda kufika 14 hivi. Isipopanda, tengeneza chaji kwanza, maana kompyuta yenye njaa ya umeme huleta magonjwa kumi ya uongo. Tazama waya wa athi uliofungwa kwenye injini na kwenye bodi. Huku Karungu motokaa hubeba samaki na barafu, na maji ya barafu hutiririka sakafuni penye nyaya na kufanya kutu. Tazama kama panya wametafuna nyaya. Fungua kisanduku cha filta ya hewa, kwa maana vumbi la barabara zetu si la mchezo.

Kisha sikiliza mipira midogo ya upepo inayotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Mpira uliopasuka huingiza hewa isiyohesabiwa, na injini hupanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Ibane mmoja mmoja kwa vidole, na mlio ukibadilika kwa namna isiyotazamiwa, umekaribia. Safisha pia kilango cha hewa, ambacho hufanya masizi meusi ukingoni mpaka injini ikakosa pumzi motokaa ikisimama.

Sasa tuje kwenye namba za makosa. Toyota nyingi za zamani zina kisanduku kidogo cheusi ndani ya boneti, kimeandikwa DIAGNOSIS juu ya kifuniko. Ndani yake mna matundu, na kila tundu lina jina upande wa ndani wa kifuniko. Zima kila kitu, weka gia huru, unganisha tundu la TE1 na tundu la E1 kwa kipande kifupi cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itameta. Ikimeta mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haina kosa lililoandikwa. Ikiwa kuna kosa, itameta kwa makundi: mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena, maana yake 22.

Namba 12 na 13 ni habari ya mzunguko wa injini. 14 ni habari ya moto wa plagi. 21 ni sensa ya ekzosi. 22 ni joto la maji. 24 ni joto la hewa. 31 ni kipimo cha hewa iingiayo. 41 ni kilango cha hewa. 42 ni mwendo wa motokaa. Ukisha tengeneza, zima swichi, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa muda mfupi ili namba zifutike, uirudishe, endesha, kisha soma tena. Lakini angalia sana: usiguse tundu liitwalo +B kwa waya uliochomekwa E1, maana hapo umeunga umeme wa betri moja kwa moja na athi, na waya utaungua mkononi mwako.

Motokaa zilizokuja baadaye, kama Probox, zina plagi ya matundu 16 karibu na magoti ya dereva, na kisomaji kidogo kinachoungana na simu husoma namba zake. Si kila kisomaji cha bei rahisi kinachoelewana na kila motokaa ya Japani. Kabla ya kununua, kijaribiwe.

Na hapa ndipo watu wengi hupotea. Namba haisemi "nunua hiki." Husema "habari za njia hii siziamini." Njia hiyo ina sensa, ina plagi, ina waya, ina athi. Namba 22 yaweza kuwa waya. Namba 21 yaweza kuja kwa sababu ya mpira wa upepo uliopasuka au petroli mbaya, na sensa ya ekzosi ikawa ni shahidi mkweli anayefungwa badala ya mwizi. Basi mwenye kisomaji asiyekuwa na mita ya umeme ni kama mtu aliyepewa jina la kijiji bila kuambiwa nyumba.

Ikiwa injini yakosa moto katika silinda moja, fanya kama ifanywavyo kwenye injini kubwa za dizeli. Injini ikiwaka, chomoa plagi ya umeme ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, uende ya pili. Ukichomoa na mwendo ukaanguka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ukichomoa na mlio usibadilike, hiyo ndiyo mvivu. Kisha pima nozeli yenyewe: ya namna iliyomo katika injini hizi huwa na ohm 13 au 14 hivi. Usichomoe nyaya za plagi za moto injini ikiwaka. Umeme wake hurusha mtu, na waweza kuua vyombo vya distributa.

KUREKEBISHA SI KUKAZA SKRUBU

Kuna watu wakiona injini inazimika hukimbilia skrubu. Katika kabureta ilikuwa na maana. Katika injini hizi skrubu izuiayo kilango cha hewa iliwekwa kiwandani, na ukiigeuza unaidanganya sensa ya kilango, ukawa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Injini yenye distributa ina taimingi inayoweza kurekebishwa, nayo katika 5A ya Corolla ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini hupimwa injini ikiwa moto, na ule waya wa TE1 na E1 ukiwa umeunganishwa. Usipounganisha, kompyuta huusogeza moto yenyewe, na taa ya taimingi itakuonyesha namba ya uongo. Mara ngapi tumeona distributa imezungushwa "kwa sikio," kisha injini ikagonga mlimani na pistoni zikaumia!

Petroli nayo tuitazame. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga, hutoa moshi na kuchafua plagi, na hakuna sensa iwezayo kuitengeneza. Mchezo huo ulikithiri hata mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mtu anayenunua petroli ya madumu kando ya njia kwa kuokoa shilingi chache asishangae baadaye.

USALAMA

Sisi watu wa reli twajua kwamba kanuni za usalama ziliandikwa kwa damu. Njia ya petroli katika injini hizi ina nguvu ya mara mbili au tatu ya upepo wa tairi la baiskeli likiwa laini, na hubaki na nguvu hata injini ikizimwa. Usiifungue ghafla, usiifungue karibu na jiko wala sigara. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi usioonekana huua bila kubisha hodi. Feni ya umeme yaweza kuzunguka yenyewe injini ikiwa moto, basi ondoa tai, shuka na mikono ya watoto. Zuia magurudumu kwa mawe, wala usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Breki na usukani visiwe vya kujifunzia. Hivyo mpe fundi aliyehitimu.

FUNDI NAYE NI MFANYA KAZI

Wengine watasema, "Haya, mmeanza kuwatukana mafundi wa jua kali." Hapana. Hapo ndipo penye shina la maneno yetu.

Kwa nini fundi hubahatisha? Tumeketi na mafundi kadhaa tukawauliza, na jibu lao lilitutia haya. Walisema: "Mwenye gari hanilipi nikitafuta. Nikikaa saa tatu na mita, nikaona ni waya tu, nikauunga, ananipa shilingi mia na kusema kazi ilikuwa ndogo. Nikimwambia pampu imekufa, ananipa fedha ya pampu na ujira wa kuifunga, na kushukuru. Sasa mimi nile nini?"

Ndugu, tulio katika Chama tunajua neno hilo. Mara ngapi tumepigana na waajiri wanaotaka kulipa kitu kinachoonekana kwa macho tu, kana kwamba akili na uangalifu wa mtu ni bure? Fundi wa ishara za reli anayetembea usiku na taa yake, akakuta kila kitu salama, hakutengeneza kitu. Je, asilipwe? Kazi yake ni kujua. Tukidai haki hiyo kwa waajiri wetu, kisha tukaikatalia kwa fundi wa Sori aliyelala chini ya motokaa yetu vumbini, sisi nasi tumekuwa waajiri wabaya. Kipimo utakachopimia wengine ndicho utakachopimiwa.

Kwa hiyo twasema, fundi alipwe kwa kutafuta. Mapatano yafanywe mbele: kutafuta ugonjwa ni kiasi kadha, naye aonyeshe alichopima na alichopata, kiandikwe katika daftari la motokaa. Baada ya hapo spea inunuliwe ikiwa lazima, na ile ya zamani arudishiwe mwenyewe. Fundi asiyetaka kuonyesha alichopima, mpitieni kama treni ya haraka inavyopita kituo kidogo.

Wengine watasema, "Gari kuukuu ni la kutupwa. Nunua jipya." Maneno hayo ni ya mtu mwenye nalo. Wengine watasema, "Mambo ya kompyuta ni ya waliosoma sana." Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni. Kuhesabu kumeta kwa taa ni hesabu ya darasa la kwanza, na kusoma mita ni kama kusoma saa. Lililo gumu ni uvumilivu wa kupima kabla ya kutoa fedha.

TUNALOTAKA LIFANYWE

Twaomba kila tawi lenye wanachama wenye motokaa lizungumze mambo haya.

Kwanza, tawi linunue kwa fedha ya pamoja mita moja nzuri ya umeme, taa moja ya taimingi na kisomaji kimoja cha matundu 16, viwekwe kwa katibu na kuazimwa kwa kuandikwa. Chombo ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua, watu ishirini hawakioni uzito wake.

Pili, siku moja kila mwezi wanachama wakutane na motokaa moja mbovu, wafundishane. Wenzetu wa umeme na wa karakana ya dizeli wanajua mengi, na elimu isiyogawiwa huoza kama samaki asiyeuzwa. Vijana wa nyumbani waitwe pia. Aliyejifunza kwa mkono aweza kufanya mtihani wa ufundi chini ya NITA, kuanzia Daraja la 3 na kupanda, akapata cheti cha kumwombea kazi.

Tatu, mapatano ya kulipa kazi ya kutafuta yawe desturi ya wanachama wote, ili fundi mwaminifu asife njaa kwa uaminifu wake.

Nne, kila motokaa iwe na daftari. Likikosekana, anayeinunua kesho ataanza kubahatisha upya.

Hayo hayahitaji ruhusa ya Serikali wala ya mwajiri. Yahitaji umoja wetu tu. Tumezoea kusema umoja ni nguvu tukiwa mezani na wakubwa. Na tuseme vile vile tukiwa tumeinama juu ya boneti Jumamosi jioni, mita mkononi, na mfukoni mshahara ambao haujamwendea mtu bure.

Pima kwanza, nunua baadaye.

Ni sisi wanachama wenzenu,
Karungu.